Mama Aliyekosa Maziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Uchovu na TSH ya Kawaida, Bukavu

Mgonjwa ninayemweleza hapa alikuwa na umri wa miaka 34 alipoletwa kwetu kwa mara ya pili, mwezi wa Septemba 2024, akiwa amebebwa mgongoni na mdogo wake wa kiume kutoka upande wa kilima cha Kadutu ambako gari halifiki. Nasema kwa mara ya pili kwa makusudi. Mara ya kwanza, miezi mitano kabla, alikuja kwa miguu yake mwenyewe, nikamsikiliza kwa dakika zisizofika kumi, nikasoma karatasi yake ya maabara, kisha nikamrudisha nyumbani na jibu ambalo halikuwa kweli. Ameniruhusu kukieleza kisa chake, nami nimebadilisha mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha. Yale ya kitabibu yamebaki yalivyokuwa.

Siku ile ya kwanza alilalamikia uchovu wa miaka mingi. Hakuuita uchovu wa kazi, ambao mtu akilala unaondoka. Aliuita uzito, kana kwamba mwili wake umejazwa mchanga uliolowa. Alikuwa muuza sambaza katika soko la Kadutu, na zamani aliamka saa tisa usiku kwenda kuwangojea wavuvi wanaorudi na taa zao ufukweni mwa Ziwa Kivu. Sasa kazi hiyo ilikuwa imechukuliwa na binti yake mkubwa, naye akabaki kukaa nyuma ya beseni na kupokea pesa. Baridi nayo ilimshinda. Mji wetu uko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, na kuvaa koti asubuhi si ajabu hapa, lakini yeye alivaa sweta zito la sufu na kujitanda kitenge juu yake saa sita ya mchana, jua likiwa limetoka. Choo kilikuwa kigumu, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na maneno yalimtoka polepole hata mume wake akazoea kumsaidia kuyamaliza.

Alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Ndani yake nilikuta matibabu ya malaria yasiyopungua saba, homa ya matumbo iliyothibitishwa mara nne kwa kipimo cha Widal ambacho sisi wenyewe tunajua jinsi kinavyodanganya, dawa za minyoo, vidonge vya madini ya chuma, na vitamini za kila rangi. Katikati ya hizo palikuwa na vipimo viwili vya TSH, homoni ya damu ambayo kwayo huchunguzwa kazi ya thairoidi, maana kuna mwenzetu mmoja aliyemwangalia usoni, akaona uvimbe chini ya macho na weupe wa midomo, akafikiri tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, naye alifikiri vizuri. Cha kwanza, cha mwaka 2022, kilisoma miliuniti 2.3 kwa lita. Cha pili, cha mwanzo wa 2024, kilisoma 1.9. Maabara ilikuwa imechapa pembeni mipaka ya kawaida, kuanzia 0.4 hadi 4.0, na mkono wa mtu ulikuwa umeandika chini kwa kalamu nyekundu: thairoidi nzuri.

Nilimgusa shingo. Hapa Kivu ya Kusini hatuwezi kusikia neno thairoidi pasipo mikono kukimbilia shingoni, na jambo hilo lina historia yake. Kisiwa cha Idjwi, kilicho mbele yetu ziwani, kilikuwa miongoni mwa sehemu za Afrika zilizochunguzwa sana kwa ajili ya rovu. Tangu miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi katika taasisi ya Lwiro, kule Kabare, waliona kwamba watu wa kaskazini mwa kisiwa walikuwa na mashingo yaliyovimba kwa wingi kuliko wale wa kusini-magharibi, ingawa pande zote mbili zilikosa madini ya joto kwa kiwango kinachofanana. Uchunguzi ule ndio uliosaidia kuonyesha kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini kitu kiitwacho thayosayaneti, kinachozuia tezi isiyachukue hata yale madini machache yaliyopo. Baadaye ikaja chumvi yenye madini ya joto, na rovu kubwa tulizoziona kwa bibi zetu zikawa chache. Lakini mazoea yamebaki: ugonjwa wa thairoidi, kwetu, ni ugonjwa unaoonekana shingoni. Shingo ya mama huyu ilikuwa laini, tezi yake ndogo kuliko nilivyotarajia. Shingo nzuri, TSH nzuri. Nikamwambia kwamba mwili wake uko salama na kwamba mateso ya maisha yanaweza kumchosha mtu namna hiyo. Nikamwandikia dawa ya kuondoa huzuni.

Aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa wagonjwa wengine tangu hapo. “Dokta, wote wanasema vipimo viko sawa. Basi mimi niko mgonjwa wa nini?” Nilimjibu kwa maneno ya upole ambayo hayakuwa na kitu ndani.

Jambo lililofuata sikulijua hadi baadaye, na ndilo lililofunika ukweli kwa miezi mitatu zaidi. Mwezi wa Juni wifi yake, aliyeolewa ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Kamembe nchini Rwanda, alikuja kuwatembelea. Wifi huyo alipasuliwa rovu miaka ya nyuma na humeza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, kila asubuhi. Alipomwona mgonjwa wetu alisema waziwazi kwamba ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa kabla ya kuanza dawa: uso uleule, sauti ileile, sweta lilelile. Akamwachia karatasi moja ya vidonge vya mikrogramu 100. Siku nne za kwanza mgonjwa alijisikia amechangamka. Siku ya saba alianza kutapika, ya tisa hakuweza kusimama bila kuona giza, na ya kumi alianguka karibu na jiko. Kwenye zahanati ya jirani walimtundikia dripu, vidonge vikatupwa, akapata nafuu kidogo. Familia nzima ikaamini kwamba dawa ya shingo imemkataa, na kwa hiyo ugonjwa wake si wa thairoidi hata kidogo. Wifi ndiye peke yake aliyekuwa ameona kweli, naye ndiye aliyelaumiwa.

Kilichomleta Septemba kilikuwa mfungo wa maombi wa siku tatu. Mtu mwenye afya hufunga siku tatu akakonda kidogo. Yeye asubuhi ya siku ya pili walimkuta hajitambui, baridi kama jiwe, jasho jembamba usoni. Tulipompokea, presha yake ilikuwa 80 kwa 50, mapigo ya moyo 56 kwa dakika, joto la mwili 35.4, na sukari ya damu miligramu 41 kwa desilita. Tulimpa maji ya sukari mshipani akafungua macho, akamjibu mdogo wake. Baada ya saa mbili sukari ikashuka tena. Wauguzi wa zamu wakaanza kuuliza kama ana kisukari na amedungwa insulini kwa makosa, nami nikaanza kufikiria ini, sumu, maambukizi ya damu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, cha VVU vilevile.

Aliyefungua mlango hakuwa mimi. Katika wodi yetu kuna mkunga mzee ambaye amestaafu mara mbili na kurudi mara mbili, na siku ile alikuwa anamsaidia mgonjwa kubadilisha nguo. Alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza kwa sauti ya mama anayeongea na mwanawe: “Binti yangu, huyu mtoto wako wa mwisho ulimnyonyesha muda gani?” Mgonjwa akajibu kwamba hakumnyonyesha hata siku moja, maziwa hayakuja. Mkunga akanigeukia akaniambia niangalie makwapa. Hayakuwa na unywele hata mmoja, na mgonjwa alisema hakunyoa tangu miaka mingi. Kinenani pia palikuwa hivyo hivyo. Chuchu zilikuwa zimepauka kuliko ngozi iliyozizunguka, kinyume cha tunavyozoea kuona kwa mama aliyezaa mara tano.

Ndipo habari nzima ikatoka, na hakuna sehemu yake aliyokuwa ameificha. Hakuna tu aliyeiuliza. Uzazi wa tano ulikuwa mwaka 2019, nyumbani kwa mama mkwe wake kule Kabare, njia ikiwa imeharibiwa na mvua. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma lilikwama, na damu ikamwagika hadi mkeka ukabidi utupwe. Alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui, akaongezwa mifuko 3 ya damu, akakaa siku nane. Aliporudi nyumbani matiti yalibaki laini. Mama mkwe alisema kuna jicho la wivu lililoyafunga, wakatafuta majani ya kuyafungua, na mtoto akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe na uji. Hedhi haikurudi tena. Kwa miaka mitano mama wa miaka 29, 30, 31 hakuona siku zake, na mume alishukuru kwamba Mungu amewapumzisha bila sindano wala kipandikizi. Katika karatasi zile zote za mfuko wa plastiki sikukuta hata moja iliyoandika lini alipata hedhi ya mwisho. Yangu pia haikuandika.

Ugonjwa huo una jina: ugonjwa wa Sheehan, kutokana na Harold Sheehan, mwanapatholojia Mwingereza aliyeueleza mwaka 1937. Chini ya ubongo, katika kishimo kidogo cha mfupa, kuna tezi yenye ukubwa wa punje ya maharagwe iitwayo pituitari, na hiyo ndiyo inayoziamuru tezi nyingine nyingi za mwili. Wakati wa mimba, tezi hiyo hukua kwa sababu chembe zinazotengeneza homoni ya maziwa, prolaktini, huongezeka. Inakua, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kadiri hiyo, na damu inayoifikia sehemu yake ya mbele hupita kwanza katika mishipa yenye msukumo mdogo. Basi mama anapovuja damu nyingi na presha yake ikaanguka, sehemu hiyo hukosa damu mapema na kufa, wakati figo na moyo vinaweza kupona. Mama anaokolewa, anaruhusiwa kwenda nyumbani, watu wanaimba, na ndani ya kichwa chake ofisi nzima ya amri imekwisha kuungua. Chembe za maziwa hunyamaza wiki ileile. Hedhi hunyamaza nayo. Upungufu wa kotisoli, homoni ya tezi ya juu ya figo inayoshikilia presha na sukari mwili unapopata shida, na upungufu wa homoni ya thairoidi huja polepole, pengine kwa miaka, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hugunduliwa wakati uzazi wenyewe umekwisha kusahauliwa.

Sasa tuirudie ile TSH, kwa sababu humo ndimo nilimopotea mimi na waliotangulia.

TSH haitoki katika thairoidi. Ni homoni ya pituitari, ni barua ambayo pituitari huiandikia thairoidi kuiambia iongeze kazi au ipunguze. Thairoidi inapochoka yenyewe, iwe kwa kukosa madini ya joto, kwa upasuaji, au kwa kushambuliwa na kinga ya mwili, pituitari huona homoni imepungua na kuandika kwa ukali: TSH hupanda hadi 20, hadi 60, hadi 100. Upandaji huo ni mkubwa mno kuliko upungufu unaousababisha. T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe inavyopimwa katika damu, ikishuka hadi nusu, TSH inaweza kuongezeka karibu mara mia. Kwa sababu hiyo TSH peke yake ni kipimo bora sana cha kuanzia, na anayeagiza TSH tu mahali ambapo mgonjwa analipia kila kipimo kutoka mfukoni mwake hafanyi uzembe. Lakini hoja hiyo yote imesimama juu ya sharti moja, kwamba mwandishi wa barua ni mzima. Mwandishi akiwa mgonjwa, barua haiongezeki hata thairoidi ilale usingizi. Inaweza kusoma chini, inaweza kusoma katikati ya mipaka, na wakati mwingine inaweza hata kuvuka juu kidogo, kwa kuwa pituitari iliyoharibika hutoa TSH ambayo mashine ya maabara huihesabu ilhali nguvu yake juu ya tezi ni ndogo. Namba 1.9 ya mgonjwa wetu haikuwa na kosa la maabara. Kosa lilikuwa kuisoma bila kujua T4 iko wapi.

Tulichukua damu saa mbili asubuhi, siku iliyofuata ile aliyoletwa. Kwa kotisoli hatukungoja jibu. Mara tu damu ilipotoka tulimdunga haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 pamoja na maji ya chumvi na sukari. Jioni presha ilikuwa 105 kwa 70, sukari imetulia, na alikuwa ameketi kitandani akiomba bugali. Mdogo wake aliniambia hakuwa amemwona dada yake akiomba chakula tangu mwaka jana. Majibu yalipofika kutoka maabara moja ya binafsi ya mjini, yalikuwa hivi: TSH 2.1, katikati kabisa ya mipaka, kama miaka yote. T4 huru pikomoli 5.4 kwa lita, ambapo maabara hiyo huanzia 12. Kotisoli ya asubuhi nanomoli 62 kwa lita, kwa mtu aliyezirai ambaye mwili wake ulipaswa kuitoa kwa mamia. Prolaktini ndogo mno. Na FSH, homoni ya pituitari inayoamuru ovari, ndogo kwa mwanamke asiyeona hedhi. Sodiamu ilikuwa 126, potasiamu ya kawaida. Hiyo potasiamu ni alama ndogo inayofaa kuangaliwa, kwa sababu tezi ya juu ya figo inapoharibika yenyewe, potasiamu mara nyingi hupanda na ngozi hugeuka nyeusi. Hapa tezi ya juu ya figo ilikuwa nzima ila haikupata amri, ikaendelea na kazi yake ya chumvi isiyotegemea pituitari, na ngozi ikapauka badala ya kuiva. Sodiamu ilishuka kwa sababu bila kotisoli mwili hushindwa kutoa maji ya ziada.

Picha ya MRI ya kichwa ingetuonyesha kile kishimo kikiwa karibu kitupu. Familia haikuwa na uwezo wa safari hiyo, na kwa historia na vipimo vile sikuona ni haki kuuza mtaji wa sambaza ili kupata picha ya jambo tunalolijua. Najua wapo wenzangu watakaonipinga, kwani uvimbe wa pituitari nao huweza kuleta hali kama hii. Jibu langu ni kwamba hakuwa na maumivu ya kichwa, macho yake yaliona pande zote, na mwanzo wa ugonjwa ulikuwa na siku na saa yake.

Ndipo pia tulipoelewa yaliyotokea Juni. Homoni ya thairoidi huharakisha kazi zote za mwili, na pamoja nazo huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli. Mtu mwenye kotisoli kidogo, akiishi polepole kwa sababu thairoidi nayo imelala, anaweza kujikongoja kwa miaka, kama nyumba yenye mafuta kidogo inayowasha taa moja tu. Ukimpa levothairoksini, tena mikrogramu 100 kwa mkupuo, umewasha taa zote, na mafuta yanaisha ndani ya siku chache. Kwa hiyo dawa ya wifi ilikuwa dawa sahihi iliyokuja kabla ya zamu yake. Utaratibu hauna mjadala: pale ambapo vyote viwili vimepungua, kotisoli hurudishwa kwanza, thairoidi baadaye. Ninaandika hili kwa sababu nimekwisha kuona daktari akigundua T4 ndogo na kufurahi kiasi cha kusahau kuuliza kuhusu kotisoli.

Vidonge vya haidrokotisoni hatukuvipata katika maduka ya dawa tuliyouliza, tukatumia prednisoloni, dawa inayofanya kazi ya kotisoli, miligramu 5 kila asubuhi, ambayo inapatikana kila kona na bei yake inabebeka. Baada ya siku kumi tukaanza levothairoksini ya mikrogramu 25, tukaipandisha kidogo kidogo hadi 100, kwa kuwa dozi kamili hukaribia mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili naye alikuwa na kilo 60. Tulimwonyesha namna ya kuimeza: tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai, na vile vidonge vyake vya madini ya chuma vikae mbali nayo kwa saa nne. Tulimfundisha yeye, mume na binti mkubwa kwamba siku ya homa prednisoloni hupandishwa mara mbili au tatu, na kwamba akitapika asijaribu kungoja kupambazuke, bali aletwe adungwe. Kuhusu homoni za uzazi tulizungumza na wote wawili. Mume aliuliza maswali mengi kuliko mke, na mwishowe walikubali vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo kwake yeye ni vya kulinda mifupa na mwili zaidi ya kupanga chochote.

Wapo watakaosoma kisa hiki na kujiona ndani yake, kwa sababu watu wenye uchovu, baridi, nywele zinazokatika na TSH ya kawaida ni wengi, na wengi wao hawana ugonjwa wa Sheehan. Hata miongoni mwa wanaomeza levothairoksini na TSH yao imetulia, inakadiriwa kwamba watu 5 hadi 10 katika kila 100 hubaki na malalamiko. Wengine wana upungufu wa damu, wengine wamelala vibaya kwa miezi, wengine kweli wana sonona, wengine humeza kidonge chao pamoja na chai ya maziwa. Majaribio mengi yaliyofanywa ya kuongeza T3, homoni nyingine ya thairoidi, juu ya T4 hayakuonyesha faida iliyo wazi kwa wote, ingawa wapo wagonjwa wanaosema wamesaidika. Simshauri mtu mwenye T4 huru nzuri na TSH nzuri aanze homoni kwa sababu ya dalili peke yake. Ninachosema ni kwamba maneno “thairoidi nzuri” hayawezi kuandikwa kwa TSH moja kwa mwanamke asiyeona hedhi, aliyekosa maziwa, au aliyewahi kuvuja damu hadi akazirai. Kumuuliza hakuhitaji maabara, na akijibu ndiyo, fedha za TSH ya tatu zinunue T4 huru na kotisoli.

Katika mji kama huu, ambamo mama bado anaweza kujifungulia mbali na barabara katika majira ya mvua, na ambamo tunahesabu kwa fahari wanaookolewa na mifuko ya damu, nadhani tunapaswa kuwatafuta hata kabla hawajaja. Kliniki ya baada ya kujifungua humpima mtoto uzito na kumchanja. Mama aliyevuja damu angeweza kuulizwa siku hiyohiyo kama maziwa yametoka. Mkunga wetu husema yeye amekuwa akiuliza hivyo miaka yote, na hakuna daktari aliyewahi kutaka kujua majibu.

Mgonjwa alirudi sokoni Desemba 2024. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mabenki yakafungwa na kwa siku kadhaa maduka ya dawa hayakufunguliwa, alinipigia simu akiwa na vidonge sita vya prednisoloni na vinne vya levothairoksini. Nilimwambia kwamba levothairoksini hukaa mwilini, nusu yake hubaki hata baada ya siku saba, kwa hiyo akiikosa wiki moja hatakufa. Prednisoloni asiikose hata siku moja, na ikibidi amtume mtu kwa miguu amtume kwa hiyo. Alipata ya jirani mwenye pumu. Ilimvusha.

Mwezi wa Julai alikuja tena amevaa sweta. Alikuwa amekwenda kupimwa mahali pengine, wakampima TSH, ikasoma 0.05, na kijana mmoja mwenye bidii akamwambia dozi imezidi sana, akaipunguza kutoka 100 hadi 25. Kitabu alichosomea hakikukosea: kwa wagonjwa wengi TSH ya namna hiyo ni alama ya dawa iliyopita kiasi. Kwake yeye haikuwa na maana yoyote, kwa sababu pituitari iliyokufa nusu hunyamaza kabisa inapopata homoni kutoka nje. T4 huru tuliyompima siku ile ilikuwa 8. Tukarudisha 100, na baada ya wiki saba ilikuwa 17.

Siku hiyo nilimwandikia kadi ndogo kwa Kiswahili na Kifaransa: ugonjwa wa Sheehan, usisimamishe prednisoloni, dozi ya thairoidi ipimwe kwa T4 huru, si kwa TSH. Aliisoma mara mbili kwa sauti, akaniuliza neno moja la Kifaransa, kisha akaitia katika plastiki ileile anamohifadhi kadi yake ya uchaguzi.